Hesabu imegoma: tafuta mstari ulioharibika

Kila siku baada ya sala ya Alasiri watoto huja barazani kwangu, hapa Chake Chake, na madaftari yao kwapani. Wazazi wao nao hunisimamisha njiani na suali lile lile: “Mwalimu, mtoto huyu hesabu hazimwingii, nifanyeje?” Nami huuliza: hesabu ipi, na mstari wa ngapi?

Nauliza hivyo kwa sababu hesabu ya hatua sita iliyotoa jibu baya, mara nyingi ina hatua tano safi na moja iliyoharibika. Ukimwambia mtoto “umekosa” umemtupia zote sita. Ukimwonesha ule mstari mmoja, anaurekebisha mwenyewe na zile tano anaendelea kuziamini. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa namna wazazi na watoto wanavyonieleza. Chini ya kila dalili, sababu ninayokutana nayo zaidi nimeitanguliza.

Kabla hujagusa dalili yoyote, angalia mambo matatu. Fungua kitabu au karatasi ya suali uilinganishe na daftari, namba kwa namba: amenakili sawasawa? Kisha tazama kama ameandika hatua au amerukia jibu tu. Asiyeandika hatua huwezi kumsaidia, maana huoni alipoteleza. La tatu, amekula? Mtoto aliyetoka skuli mchana akapitiliza chuoni, yaani madrasa, bila ya kutia kitu tumboni, mpe kwanza muhogo na chai, hesabu baadaye.

Na raba iondoe mezani. Kwangu hakuna raba. Aliyekosea hupiga mstari mmoja juu ya kosa na kuandika upya chini yake, ili kosa libaki linaonekana. Kosa lililofutwa litarudi Jumatatu na hatujui lilikuwa lipi.

Dalili: hesabu za namba anafanya, akipewa ya maneno anakaa kimya

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Sababu ya kwanza ni kuwa mtoto hasomi suali, anawinda namba. Akiona mbili anazijumlisha, akiona kubwa na ndogo anatoa. Chukua hili, na pishi ni kipimo cha ujazo: Mchumaji amechuma karafuu pishi 12 Jumamosi. Jumapili amechuma pishi 3 pungufu ya Jumamosi. Akilipwa shilingi 1,500 kwa pishi, atapata kiasi gani kwa siku mbili? Mwindaji wa namba atakwambia 12 + 3 = 15, mara 1,500, shilingi 22,500. Mwengine atatoa, 12 − 3 = 9, atazidisha apate 13,500, na kusahau kuwa mchumaji alifanya kazi Jumamosi pia.

Jaribio lake ni rahisi. Funika namba zote kwa kidole, kisha mwambie akusimulie kisa. “Mtu kachuma siku ya mwanzo, siku ya pili kachuma kidogo kuliko ya mwanzo, anataka pesa zake zote.” Akiweza kusimulia hivyo, fungua namba: Jumapili 12 − 3 = 9; jumla 12 + 9 = 21; malipo 21 × 1,500 = 31,500. Akishindwa kusimulia, usimfundishe kuzidisha. Tatizo halijafika huko.

Sababu ya pili ni lugha, nayo naiona hasa kwa watoto wa darasa la tano na la sita. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Basi mtoto aliyekuwa anajumlisha vizuri kabisa kwa Kiswahili, ghafla anaonekana hajui, na wakubwa wanasema amekuwa mvivu. Mpe suali hilo hilo kwa Kiswahili. Akilifanya, hisabati yake ni nzima na kinachohitaji msaada ni maneno.

Yapo maneno yanayoangusha watu kila mwaka. ‘Less than’ ni mfalme wao. Suali likisema ‘5 less than a number is 9’, mtoto hufuata mpangilio wa maneno kushoto kwenda kulia na kuandika 5 − x = 9. Maana yake ni kinyume: kuna namba, imetolewa 5, imebaki 9. Yaani x − 5 = 9, na x ni 14. Mimi huwauliza suali moja tu: “Nani anapunguzwa?” Anayepunguzwa ndiye anayetangulia. Maneno mengine ya kuandikwa ukutani ni ‘product’, jibu la kuzidisha. ‘Difference’, linalobaki baada ya kutoa. Na ‘of’ likija baada ya sehemu au asilimia, ambalo ni kuzidisha. Tenga kurasa mbili nyuma ya daftari, upande mmoja neno, upande wa pili mfano wa namba. Mfano wa namba hukaa kichwani kuliko tafsiri.

Sababu ya tatu ipo kwenye Kiswahili chenyewe. “Elfu ishirini na tano” ni 25,000 au 20,005? Dukani sote tunajua ni 25,000 kwa sababu tunaiona bei. Kwenye imla ya hesabu mtoto haoni kitu. Nimejizoesha kusema “ishirini na tano elfu” nikikusudia 25,000, na “elfu ishirini, na tano” kwa kutua nikikusudia 20,005. Fanya hivyo nyumbani na masuali ya aina hii yatapungua wiki hiyo hiyo.

Dalili: njia ni sahihi, jibu limepotea

Hapa mtoto amefahamu suali, amechagua kutoa au kuzidisha kwa haki yake, lakini namba ya mwisho si yenyewe. Anza na safu. Mwambie aandike kwenye karatasi ya miraba, tarakimu moja kwa mraba mmoja, mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Makosa mengi huishia hapo hapo.

Yasipoisha, tazama kukopa. Msimu uliopita mtoto wa jirani, wa darasa la nne, alikuwa anafanya suali hili kwenye baraza huku bibi yake kakaa pembeni juu ya mkeka anachambua karafuu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande huu, karafuu upande ule: toa pishi 3 na vibaba 3 katika pishi 7 na kibaba 1. Mtoto akaona 1 haitoshi kutoa 3, akakopa, akaandika 11 − 3 = 8. Jibu lake: pishi 3 na vibaba 8.

Nikamwuliza umefanya nini. “Nimekopa, mwalimu.” Umekopa ngapi? “Kumi.” Bibi yake hakuinua hata uso. “Pishi ina vibaba vinne, mjukuu wangu. Hivyo kumi umevitoa wapi?”

Mtoto alikaa kimya, akaitazama pishi iliyokuwa juu ya mkeka, kisha akaandika upya bila ya kuambiwa tena. Pishi moja ikivunjwa inatoa vibaba 4; 4 na 1 ni 5; 5 − 3 = 2. Pishi zimebaki 6; 6 − 3 = 3. Jibu ni pishi 3 na vibaba 2. Na lile jibu lake la kwanza lilikuwa linajishitaki lenyewe, kwani vibaba 8 tayari ni pishi mbili nzima.

Huo ndio ugonjwa wenyewe wa kukopa. Mtoto amefundishwa “kopa kumi” kama amri, hajui anavunja kitu gani. Kwenye namba za kawaida kumi inafaa, kwa sababu kumi moja ni mamoja kumi. Kwenye saa anavunja saa moja kuwa dakika 60: safari iliyoanza saa 1:15 ikaisha saa 3:05 imechukua saa 1 na dakika 50, maana saa 3:05 ni sawa na saa 2 na dakika 65. Anayekopa 100 atakwambia saa 1 na dakika 90. Kwenye kilo anavunja kuwa gramu 1,000. Kabla ya kukopa aseme kwa sauti: “Navunja kimoja cha hiki, napata vingapi vya hiki?”

Sifuri ni tawi la ugonjwa huo huo. Katika 1,002 − 378 mtoto anakuta sifuri mbili mfululizo na hajui akope kwa nani. Mwoneshe kuwa 1,002 ni makumi 100 na mamoja 2. Chukua kumi moja: yabaki makumi 99, na mamoja 12. Halafu 12 − 8 = 4, na 99 − 37 = 62. Jibu 624. Kisha ahakikishe kwa kujumlisha: 624 + 378 = 1,002.

Sababu ya mwisho kwenye dalili hii ni tebo, yaani jedwali la kuzidisha. Mtoto wa darasa la sita anayehesabu vidole kupata 7 × 8 hupoteza nguvu njiani hata akasahau alikuwa anafanya nini. Tebo za 2, 5 na 10 wengi wanazo. Shida imejificha kwenye 6, 7, 8 na 9, na kwa kuwa 6 × 8 na 8 × 6 ni kitu kimoja, za kukamata ni kumi tu. Tatu kwa usiku, baada ya chakula, bila ya fimbo.

Dalili: sehemu zinamvuruga

Mwandikie 1/8 + 1/6 na unyamaze. Akikujibu 2/14, amejumlisha viasi (namba za juu) na asili (namba za chini) kama namba zilizoachana. Usimwambie amekosa. Mwambie arahisishe 2/14 apate 1/7, kisha umwulize: kipi kikubwa, 1/7 au 1/6? Mkate uliokatwa vipande sita una vipande vinene kuliko uliokatwa saba. Basi vipi ulikuwa na 1/6, ukaongezewa, ukaishia na kilicho kidogo kuliko 1/6? Akilitambua hilo mwenyewe, somo limeingia nusu.

Nusu iliyobaki ni kigawe kidogo cha shirika. Vigawe vya 8: 8, 16, 24. Vya 6: 6, 12, 18, 24. Vimekutana kwenye 24. Kwa hiyo 1/8 ni 3/24, 1/6 ni 4/24, jumla 7/24.

Namba hizi sikuziokota. Ni mirathi: marehemu ameacha mke, mama na watoto. Mke hupata thumuni, 1/8, na mama hupata sudusi, 1/6. Mabaki ni 24/24 − 7/24 = 17/24, nayo ni ya watoto, wa kiume sehemu mbili kwa moja ya wa kike. Watoto wetu wanayasikia mambo haya chuoni tangu wadogo, na sijaona mfano unaowafanya waheshimu asili ya pamoja kama huu, kwa sababu hapa ukikosea kuna mtu amedhulumiwa. Lakini tusimame hapo. Haya ni mazoezi ya sehemu. Mirathi ya marehemu wa kweli, yenye nyumba na mikarafuu na warathi wengine, isigawiwe kwa daftari la mtoto. Ipelekwe kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kugawanya kwa sehemu kuna mtego wake. 6 ÷ 1/2 watoto hujibu 3. Weka boflo sita mezani, kila mtu apewe nusu: watakula watu wangapi? Kumi na wawili. Kanuni ya kugeuza juu chini ifuate baada ya boflo, isitangulie.

Dalili: kwenye aljebra alama zinageuka

Huyu ni wa kidato cha kwanza na cha pili. Mpe 7 − 2(x − 3) = 1 na uangalie mstari wa pili tu.

Akiandika 7 − 2x − 6 = 1, alama ya kutoa haikufika ndani ya mabano. Ndiyo sababu ya kawaida kabisa. Akiandika 5(x − 3) = 1, ametoa kabla ya kuzidisha, yaani amesahau MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Makosa mawili tofauti, dawa mbili tofauti, na mwalimu anayetazama jibu la mwisho peke yake hatayatofautisha.

Mstari sahihi ni 7 − 2x + 6 = 1. Halafu 13 − 2x = 1, 2x = 12, x = 6. Irudishe: 6 − 3 = 3; 2 × 3 = 6; 7 − 6 = 1. Imekubali. Aliyepata x = 0 kwa njia ya kwanza akirudisha atapata 7 + 6 = 13, na 13 si 1. Kurudisha jibu kwenye mlinganyo kunachukua nusu dakika, na ndiyo njia pekee ya mtoto kujisahihisha akiwa peke yake ndani ya chumba cha mtihani. Nalisisitiza hili mpaka watoto wananiigiza.

Kwa nini kutoa hasi kunaleta chanya? Daftari la mkopo la dukani linaeleza vizuri. Una deni la 6. Mwenye duka akilifuta, yaani akiliondoa deni, umeongezekewa na 6. Kuondoa −6 ni kupata 6.

Ukiona ametia kila alama sawa lakini bado amekwama kwenye “hamisha upande wa pili ugeuze alama”, achana na maneno hayo. Hakuna kinachohama. Unafanya jambo moja pande zote mbili: toa 13 huku, toa 13 kule.

Dalili: jibu la ajabu, wala mtoto hashituki

Zaka ya shilingi 2,000,000 kwa asilimia 2.5 ameandika 5,000,000. Anatoa zaka kubwa kuliko mali! Amezidisha 2.5 bila ya kugawanya kwa 100. Asilimia 2.5 ni 1/40, na 2,000,000 ÷ 40 = 50,000.

Dawa ni kukisia kabla ya kuhesabu. Aandike pembeni kwa penseli: “litakuwa dogo kuliko milioni mbili, dogo sana.” Kisha ndipo ahesabu. Vipimo navyo viangaliwe hapa: mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000, si 100, na mkeka wa mita 2 kwa sentimita 150 lazima kwanza upimwe kwa kipimo kimoja. Mita 2 kwa mita 1.5, eneo mita za mraba 3.

Dalili: nyumbani anaweza, mtihanini anasahau

Mara nyingi hakuwahi kuweza. Alikuwa anatazama mfano uliotatuliwa na kuufuata, na macho yakamdanganya kuwa amefahamu. Mjaribu: funga kitabu, mpe suali lile lile lenye namba tofauti, ondoka ukateke maji. Ukirudi utajua.

Kama amelifanya, basi kilichobaki ni haraka au khofu. Haraka hutibika kwa saa ya ukutani na karatasi za mitihani iliyopita, masuali mepesi kwanza. Khofu haitibiki kwa ukali. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya hesabu hutumia nusu ya akili yake kukulinda wewe usikasirike, na nusu iliyobaki haitoshi kugawanya.

Wakati wa kusimama na kutafuta mwenye ujuzi

Simama kwa leo ikiwa mtoto analia, au amerudia kosa moja mara tatu baada ya kuelezwa kwa njia mbili tofauti. Funga daftari. Andika kwenye kikaratasi mstari ulipovunjika na umpe mwalimu wake wa hisabati kesho; kikaratasi hicho kitamsaidia kuliko maneno “hajui kitu”.

Mpeleke kwa mwalimu wa elimu mjumuisho, anayeshughulikia watoto wenye mahitaji maalumu, kupitia mwalimu mkuu wa skuli yake, ikiwa amefika darasa la tatu au la nne na bado hawezi kusema haraka kati ya 7 na 4 ipi kubwa, au anahesabu upya kwa vidole vitu vitatu vilivyo mbele yake, ilhali kusoma na mengine anakwenda vizuri. Kuna hali iitwayo diskalkulia, ambapo ubongo hupata tabu na namba hasa, na mwenye nayo anaweza kuwa na akili nyingi tu. Wewe na mimi hatuwezi kuipima kwa kutazama. Tuisheni zaidi kwa mtoto huyo ni kumchosha bure.

Na mpeleke hospitali akapimwe macho ikiwa anasogeza daftari puani, anakunja uso akitazama ubao, analalamika kichwa jioni, au anakosea kunakili tu wakati hesabu yenyewe yuko sawa. Nilikuwa na msichana wa kidato cha kwanza aliyenakili 8 kama 3 kwa muhula mzima. Nilimsahihisha mara ngapi sijui, kwa kalamu nyekundu. Siku moja nikamkalisha karibu na ubao kwa sababu nafasi za nyuma zimejaa, na masuali kumi yote akayapata. Nilimfuata mama yake jioni ile ile. Walikwenda hospitali wiki iliyofuata, akapewa miwani, na madaftari yake ya zamani nikamwomba anipe, nikayasahihisha upya.